Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: wamebaki wawili

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kutoka hapa Pemba, mwanangu yuko pembeni na mkono wenye nyuzi 11. Usiku wa kuamkia Jumatatu kijana aliingia kwetu kuchukua karafuu tulizokwisha kuzianua. Mwanangu akatoka, akakutana na panga. Mwizi alipokamatwa na kumulikwa tochi miguu iliniisha nguvu. Namjua. Ana miaka 16, na alipokuwa na miaka 7 alikuwa akilala barazani kwangu.

Mama yake alipewa talaka, akenda Unguja kutafuta kazi za hoteli. Baba akaoa mke mwengine, na miezi mingi yuko dago, kwenye kambi za wavuvi. Mtoto akabaki na bibi yake, asiyeona. Skuli alikwenda siku aliyotaka, hakuna aliyemuuliza. Nilimpa chakula nilipokuwa nacho. Msimu ukifika aliokota karafuu chini ya mikarafuu ya watu, wakaanza kumwita mwizi kabla hajaiba chochote.

Nilimwendea Sheha, akaniandikia barua. Nikaipeleka ustawi wa jamii mara tatu, nikaambiwa afisa ni mmoja na gari haina mafuta. Kisha ulikuja wewe mwenyewe, Mheshimiwa, ukakaa na sisi chini ya mwembe, ukaahidi kila mtoto aliyetelekezwa ataandikwa na kufuatiliwa. Nilinyanyua mkono nikataja jina lake. Likaandikwa, na mimi natazama. Ni miaka minne sasa.

Binti yangu ni mwalimu. Amenisomea utafiti wa Cathy Spatz Widom wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1989. Alifuatilia watoto 908 waliodhalilishwa au kutelekezwa. Asilimia 26 walikuja kukamatwa wangali wadogo. Kwa watoto wengine aliowalinganisha nao, 17. Hata waliotelekezwa tu, bila kupigwa, walizidi kwa makosa ya kujeruhi watu. Wengi wao hawakukamatwa kabisa, na hilo nalisema kwa nguvu, maana sitaki mtoto aliyeachwa atazamwe kama mhalifu. Lakini hao tisa wa ziada katika kila mia, mmoja nimemlisha kwa mkono wangu.

Kijijini wengine wanasema ni unga wa kulevya, wengine simu, wengine shetani. Mimi naona ni kukosa mtu wa kumuuliza, "Umekula? Umelala wapi?" Pengine kuna mengine nisiyoyajua. Ila Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya 2011, imetungwa hapa hapa Zanzibar, na inamtaka mtoto wa namna hii apewe hifadhi. Haikusema asubiriwe mpaka ashike panga.

Nina hasira naye, Mheshimiwa. Mwanangu ni mchumaji, na mkono huo ndio uliotulisha. Kesi iende mahakamani. Silo ninaloliomba.

Ana wadogo zake wawili wa baba mmoja, wa miaka 8 na 5. Mama yao naye ameshaachwa. Wako kwa bibi yule yule, na tangu Jumatatu wanakuja kulala barazani kwangu. Mkubwa ameshaanza kuokota karafuu.

Mtume afisa aje awaone. Sio semina, wala mkutano. Aje awaone hawa wawili, wiki hii. Karafuu zilizobaki nimeziuza. Kama ni mafuta ya gari, nitatoa mimi.

Mama wa majeruhi,
Pemba