Makaburi ya kale yaepushwe na saruji

Mhariri,

Wanaojitolea kufufua makaburi ya kale ya vijijini wanastahili pongezi, ila wengi wao hufika na mfuko wa saruji, na uharibifu huanzia hapo. Saruji ikishakauka huwa ngumu kuliko mawe laini ya mchanga au ya chokaa, na haipitishi unyevu kwa urahisi. Maji yaliyonaswa hupenyea kwenye jiwe lenyewe, chumvi hukaukia humo, na uso wenye maandishi huanza kubanduka. Kwa kuziba viungo kati ya mawe inatosha chokaa sehemu moja kwa mchanga safi uliochekechwa sehemu tatu. Kwa siku kadhaa kifunikeni kiungo kwa magunia yaliyoloweshwa, maana chokaa ikikaushwa na jua kabla ya kushika hugeuka unga.

Jiwe lililoinama nalo lisisimikwe kwenye zege. Ardhi ikicheza, zege halichezi, na jiwe hukatikia palepale linapoingia ardhini. Lirudisheni kwenye kina chake cha zamani, ambacho mara nyingi huonekana kwa tofauti ya rangi, kisha jazeni kokoto ndogo na mchanga kwa tabaka za sentimita 10, mkishindilia kila tabaka na kuangalia kwa timazi kama jiwe limesimama wima. Bamba la marumaru la mita 1.2 kwa sentimita 60, lenye unene wa sentimita 10, lina karibu kilo 200. Hiyo ni kazi ya winchi ya mnyororo, si ya mabega ya vijana.

Kisha kuna tamaa ya kuona jiwe jeupe pepepe! Klorini huacha chumvi, siki hula marumaru, brashi ya waya huacha chembe zinazoshika kutu. Tumieni maji safi na brashi laini ya nailoni, mkianzia chini kwenda juu ili maji machafu yasichore michirizi kwenye sehemu kavu. Jiwe linalopukutika kama sukari likiguswa lisioshwe kabisa.

Yote hayo yatanguliwe na ramani na picha. Jiwe lililolala nyasini, au hata kibonyeo tu, huenda ndiyo alama pekee iliyobaki ya kaburi. Likisogezwa kabla ya kuandikwa lilipo, kaburi limepotea. Vichaka vikatwe usawa wa ardhi bila kung'olewa, kwa kuwa mizizi huibuka na mawe. Na mashine ya kufyeka isikaribie jiwe. Nyasi za pembeni zikatwe kwa mkasi.

Waashi wa mawe