Tasnifu haziwezi kuandikwa kwa rejeleo la "Google"

Mhariri,

Habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu wanavyuo wanaonakili mtandaoni imenifanya nishike kalamu, jambo ambalo sijalifanya tangu nistaafu ukutubi. Mmewabebesha wanafunzi lawama zote. Sikubaliani nanyi.

Binti wa jirani yangu, mwaka wa tatu, anaandika tasnifu kuhusu Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Aliniletea sura ya pili niipitie. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, ile ya uwezo, sababu na nia, kainukuu mara mbili, na kila mahali maneno yamepangwa tofauti. Kwenye marejeo kaandika "Google". Nikamuuliza kwa nini hakusoma magazeti ya wiki ile. Akasema msimamizi wake alimwambia atafute mtandaoni, kila kitu kipo. Basi tukaongozana hadi maktaba ya chuo chake. Magazeti yaliyojalidiwa yamefungiwa stoo, na mwenye ufunguo yuko likizo. Tukaomba kompyuta aingie JSTOR, kanzidata, yaani hazina ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, tukaambiwa nywila anayo mtu wa TEHAMA, naye katoka. Na ukutani, Mhariri, imebandikwa orodha ndefu ya kanzidata ambazo chuo kimelipia! Zimelipiwa kwa ajili ya nani? Mzazi anauza mahindi alipe ada, mtoto anaambiwa nywila imetoka. Halafu huyohuyo akinakili, tunamwita mvivu. Hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamwonyesha kwamba kwenye kanzidata huandiki swali zima, unaandika maneno machache yenye uzito, Kagera, Amin, kisha unachuja kwa mwaka. Hakuna aliyemwambia kwamba Uhuru lilikuwa gazeti la chama na Daily News la serikali, hivyo ayasome yote mawili na ayalinganishe na magazeti ya Nairobi ya miezi ileile. Hata AJOL, yenye majarida ya Afrika na makala nyingi za kusoma bure, hakuwahi kuisikia.

Nanyi wenye magazeti hamjasalimika. Nilikuwa nahifadhi viungo vya makala zenu nzuri. Leo nikivibonyeza vingi havifunguki, au vinanirudisha ukurasa wa mbele. Tovuti ikibadilishwa sura, kazi ya waandishi ya miaka mingi inapotea. Gazeti la karatasi la 1978 bado linasomeka; habari yenu ya miaka michache iliyopita haipatikani. Mwanafunzi wa kesho atarejelea nini?

Napendekeza hivi. Msimamizi asiipokee sura ya pili bila fomu yenye muhuri wa mkutubi, inayoonyesha kanzidata zilizotafutwa, maneno yaliyotumika na, kwa kila gazeti, tarehe na ukurasa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wapewe somo la kutafuta hivyo maktabani kabla ya kazi yao ya kwanza, mbele ya kompyuta zinazowaka. Nywila ibandikwe kaunta pamoja na ile orodha. Ninyi wahariri, kabla ya kubadili tovuti, kabidhini nakala ya kila habari kwa Maktaba Kuu ya Taifa, kama magazeti ya karatasi yanavyopelekwa kwa mujibu wa sheria. Na ufunguo wa stoo ya magazeti utengenezwe wa pili, ukae kwa mkutubi wa zamu.

Mkutubi mstaafu,
Morogoro