Risala ya Wafanyakazi wa Hospitali ya Wanyama kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Uongozi wa hospitali, madaktari, wafugaji na wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Tumeombwa tueleze kazi za hospitali ya wanyama, nasi tumeona tuanzie pale ambapo macho ya wengi hayafiki. Mtu akiulizwa nani amemtibu mbwa wake, hujibu "daktari". Ni kweli. Lakini mbwa huyo amepita mikononi mwa watu kadhaa, na kwa kuwa hawezi kusema panapomuuma, kila mmoja amebeba sehemu ya maelezo yake. Sehemu moja ikidondoka njiani, daktari anatibu kwa kubahatisha.

Kazi huanza mapokezi, wala si kazi ya kupokea simu na fedha tu. Mwenye paka dume akipiga simu kueleza kwamba paka anachuchumaa kila mara, anajikamua na kulia, mpokezi asiyefundishwa hudhani amefunga choo, akampangia miadi ya kesho. Mara nyingi kilichoziba ni njia ya mkojo. Potasiamu hupanda kwenye damu, mapigo ya moyo huvurugika, na paka anaweza kufa ndani ya siku chache. Vivyo hivyo mbwa mkubwa aliyevimba tumbo ghafla, anayejaribu kutapika bila kitu kutoka: huenda tumbo limejisokota. Hawa hawapangi foleni, na anayetambua hivyo kwanza ni mpokezi.

Muuguzi humpokea mgonjwa kwa mizani, kwa sababu karibu kila dozi inahesabiwa kwa kilo. Kisha hupima joto, ambalo kwa mbwa na paka mzima huwa takribani nyuzi 38 hadi 39.2 za Selsiasi, halafu hutazama fizi. Fizi ikibonyezwa, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Fizi nyeupe huashiria upungufu wa damu au mshtuko, za njano huelekeza kwenye ini au kuvunjika kwa chembe nyekundu, na za bluu zinadai oksijeni papo hapo. Pembeni yake yupo msaidizi wa kumshika mnyama. Wengi hudhani kazi hii inataka nguvu, kumbe paka anavyobanwa zaidi ndivyo anavyopigana zaidi. Taulo na utulivu hufanya kazi kubwa kuliko misuli. Msaidizi huyu ndiye aliye karibu zaidi na meno, hivyo chanjo ya kichaa cha mbwa kwake si hiari.

Mheshimiwa mgeni rasmi, turuhusu tukae kidogo kwenye chumba cha upasuaji. Daktari anapopasua, macho yake yako kwenye kidonda. Anayelinda uhai ni msimamizi wa dawa ya usingizi, ambaye kila baada ya dakika 5 huandika mapigo ya moyo, upumuaji, oksijeni, shinikizo la damu na joto. Wastani wa shinikizo la damu ukishuka chini ya milimita 60 za zebaki, figo zinaanza kukosa damu ya kutosha, hata kama mnyama anaonekana amelala salama. Kuna kosa moja linalojulikana kila mahali: vali ya kutolea gesi kwenye mashine ya usingizi hufungwa ili kumpa mnyama pumzi, kisha husahaulika. Presha hujaa mapafuni, damu hushindwa kurudi kwenye moyo, na mnyama anaweza kufa ndani ya dakika chache. Hiyo ndiyo sababu mkono ulioifunga vali hauondoki hapo mpaka uifungue. Upasuaji ukiisha, hatari haijaisha. Vifo vingi vinavyohusiana na dawa ya usingizi hutokea mnyama anapozinduka, hasa katika saa 3 za mwanzo, wakati ambapo chumba kimeanza kutawanyika. Mrija wa kupumulia hautolewi mpaka mbwa aanze kumeza mwenyewe, na kwa mbwa wa pua fupi unaachwa muda zaidi.

Maabara nayo ina mitego yake. Damu iliyowekwa kimakosa kwenye kichupa cha kizibo cha zambarau, chenye chumvi ya potasiamu ya kuzuia damu isigande, kisha ikahamishiwa kingine, huonyesha potasiamu ya juu na kalsiamu ya chini ambazo mnyama hana. Kwenye famasia, insulini ya yuniti 100 kwa mililita ikivutwa kwa bomba la sindano la yuniti 40, mgonjwa hupata dozi mara 2.5.

Na mhudumu wa usafi? Virusi vya parvo, vinavyowaharisha mbwa vibaya, haviuawi na sabuni ya kawaida. Kwanza kinyesi kiondolewe na sakafu ioshwe, kwa kuwa uchafu hudhoofisha klorini; ndipo ipakwe sehemu 1 ya klorini ya nyumbani kwa sehemu 30 za maji, na sakafu ibaki na unyevu dakika 10. Chumba cha kutenga wagonjwa husafishwa mwisho, kwa fagio lake na ndoo yake.

Daktari ndiye anayetaja ugonjwa, kuandika dawa na kupasua, na lawama ya mwisho ni yake. Hatumpunguzii heshima hata kidogo. Lakini shule ya kwanza ya udaktari wa wanyama ilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, ilhali Uingereza ilianzisha mafunzo rasmi ya wasaidizi wa uuguzi wa wanyama mwaka 1961. Miaka 200 ya wasaidizi kusubiri ni mingi mno.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Msimamizi wa dawa ya usingizi asiitwe kwenye kazi nyingine mgonjwa akiwa mezani au akizinduka. Zamu inayotoka na inayoingia zikutane kwa dakika 15, ili kila mgonjwa akabidhiwe mbele ya kizimba chake, karatasi ikiwa mkononi. Na mafunzo ya kila mwaka yawahusishe mpokezi na mhudumu wa usafi, si madaktari peke yao.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wafanyakazi wa Hospitali