Barua ya malalamiko: Mnakata mieleka kabla haijaisha

Dar es Salaam,
12 Januari 2026

Mkurugenzi wa Vipindi,
Kampuni ya Televisheni ya Kulipia.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU URUSHAJI WA VIPINDI VYA MIELEKA

Sisi ni wateja wenu tunaolipia kifurushi chenye mieleka ya WWE, kampuni ya Marekani. Mwaka uliopita ulikuwa mwaka mzito kwa mchezo huu. Mpiganaji nyota John Cena aliaga ulingo, onyesho kubwa la kiangazi, SummerSlam, lilifanyika kwa usiku mbili kwa mara ya kwanza, na wanawake walipata onyesho lao wenyewe, Evolution, huko Atlanta Julai 13. Vyote hivyo mlikuwa navyo mkononi, na bado mteja wenu alivipata vikiwa vimekatwakatwa. Tunalalamikia ukataji huo, na tunaeleza kosa liko wapi ili lirekebishwe kabla ya onyesho kubwa kuliko yote la mwaka, WrestleMania 42, itakayofanyika Las Vegas Aprili 18 na 19.

Lililotuumiza zaidi ni la alfajiri ya Jumatatu, Agosti 4, 2025. Ulikuwa usiku wa pili wa SummerSlam, MetLife Stadium, New Jersey. Cody Rhodes alimshinda Cena kwenye pambano lisilo na sheria na kurudisha mkanda wa ubingwa alioupoteza kwa Cena huyohuyo WrestleMania, mwezi wa nne. Mshindi alipokwisha kutangazwa na Cena kubaki ulingoni, mkakata na kuingiza kipindi kingine. Dakika chache baadaye Brock Lesnar alitokea, baada ya miaka miwili ya kutoonekana, akaingia ulingoni, akambeba Cena mabegani na kumpigiza chini. Mteja wenu hakuliona hilo. Wiki saba baadaye, Septemba 20, mkatangaza Wrestlepalooza ya Indianapolis na pambano la Cena na Lesnar, kana kwamba kila mtu anajua ugomvi ulianzia wapi. Ulianzia kwenye zile dakika mlizozikata.

Tunafahamu kosa hili linatokana na nini. Anayepanga ratiba amezoea mpira, ambapo filimbi ya mwisho ikilia mechi imekwisha na kinachobaki ni uchambuzi. Kwenye mieleka kengele ya mwisho hufunga pambano tu, haifungi onyesho. Mara nyingi kengele ikishalia ndipo adui mpya anapojitokeza, rafiki anapomgeuka rafiki, au mwenye mkoba wa Money in the Bank, unaompa haki ya kupigania ubingwa wakati wowote, anapokuja mbio kudai pambano lake. Waandaaji huyaweka mambo hayo mwisho kwa makusudi, kwa sababu hayo ndiyo yatakayomrudisha mtazamaji wiki ijayo. Mkiikata sehemu hiyo, mnamwondolea mteja sababu ya kufungua chaneli yenu tena, na hasara hiyo ni yenu pia.

Desemba mkarudia kosa lilelile, na safari hiyo lilikuwa chungu zaidi. Pambano la mwisho la Cena lilifanyika Washington, D.C., Desemba 13, kwetu ikiwa alfajiri ya Jumapili tarehe 14. Mpinzani wake, Gunther, alimtia kabali kutoka nyuma, Cena akajinasua, akatiwa tena, na tena. Mwishowe akatabasamu, akagonga mkono kusalimu amri. Kwa mtu aliyejijengea jina kwa kauli ya kutokata tamaa, kule kugonga mkono kulikuwa na uzito kuliko kubanwa mabega chini kwa hesabu ya tatu. Wapo waliokasirika na wapo waliolia. Ukumbi mzima ulimzomea Triple H, anayesimamia maonyesho ya WWE. Kisha CM Punk na Cody Rhodes wakamvisha Cena mikanda yao mabegani. Onyesho lilikuwa limefika kileleni, na ninyi mkaingiza kipindi cha asubuhi kwa sababu saa iliyopangwa ilikuwa imefika.

Dawa yake haina gharama kubwa. Kwa kila onyesho maalumu, tengeni muda uliotangazwa na mwongeze saa moja. Nyuma yake wekeni kipindi kinachoweza kupunguzwa au kuachwa bila mtu kulalamika, kama marudio ya kile kipindi cha kila wiki, Raw, ya wiki iliyotangulia. Kisha mpeni fundi wa zamu amri moja: asibadilishe kipindi kwa kufuata saa, asubiri hadi aone yale maandishi madogo ya hakimiliki yanayojitokeza chini ya kioo mwishoni mwa onyesho. Kabla ya maandishi hayo onyesho halijaisha, hata kama ulingo umebaki na mtu mmoja tu.

Kwenye marudio kuna tatizo la aina nyingine. Onyesho la saa nne mnalibana liingie saa moja au mbili, na anayefanya kazi hiyo anaonekana hajui pambano hujengwaje. Pambano zuri lina hatua zake: wapiganaji wanapimana nguvu, adui anapata upenyo na kushika hatamu, anachagua kiungo kimoja na kukishughulikia, stelingi anaanza kuinuka, zinakuja zile hesabu za mbili na nusu, mtu anapojinasua kabla refa hajafika tatu, halafu mwisho. Mhariri wenu huchukua mwanzo na mwisho, katikati akatupa. Matokeo yake mtazamaji anamwona mtu akisalimu amri kwa kukunjwa mguu, na hajaonyeshwa kwamba mguu huo ulikuwa ukipigwa kwa dakika kumi.

Chukueni pambano lililofungua usiku wa pili wa WrestleMania 41, Aprili 20: Iyo Sky, Bianca Belair na Rhea Ripley. Kwetu ndilo pambano bora la wikiendi ile. Watatu wanapopigana kwa wakati mmoja, hesabu yote iko kwenye nani yuko nje ya ulingo, kwa nini yuko nje, na atarudi lini. Ripley anapoangushwa nje, wawili waliobaki wanajua wana muda mfupi wa kumalizana kabla hajarudi. Iyo alimbana Belair mabega katika nafasi ndogo sana ambayo wote watatu walikuwa wameijenga tangu kengele ya kwanza. Kwenye marudio yenu wapiganaji wanatoweka na kuibuka bila maelezo, na ushindi wa Iyo unaonekana wa bahati.

Evolution ndiyo mliiharibu kabisa. Iyo na Ripley walikuwa wanapigania mkanda, Naomi akaja na mkoba wake wa Money in the Bank katikati ya pambano, likageuka la watu watatu, akashinda yeye. Marudio yenu ya saa moja yaliruka sehemu ya Naomi kumkabidhi refa mkoba. Watoto wanaotazama mchana wakabaki wanauliza yule wa tatu ametokea wapi na kwa nini anapewa mkanda ambao hakuwa kwenye orodha ya kuupigania. Swali lao ni la haki. Kama muda ni saa moja, onyesheni mapambano mawili kamili na ya mengine mtaje matokeo. Mawili kamili yana faida kuliko saba yaliyokatwa vichwa na miguu.

Kuhusu matangazo ya biashara, hatupingi kuwepo kwake, tunajua ndiyo yanayolipa. Tunapinga mahali mnapoyaweka. Kwenye vipindi vya kila wiki, Wamarekani wenyewe huenda kwenye matangazo pale adui anaposhika hatamu, mara nyingi baada ya mtu kurushwa nje ya ulingo. Hapo mwendo hupungua kwa makusudi, na anayerudi baada ya dakika tatu hajapitwa na jambo kubwa. Ninyi mnaweka matangazo yenu mahali pengine kabisa, bila kujali ulingoni kuna nini. Kwenye Royal Rumble kosa hilo ni baya zaidi. Wapiganaji 30 huingia mmoja mmoja kwa kuhesabiwa muda, na anayetupwa juu ya kamba ya juu miguu yote miwili ikagusa sakafu ametoka. Tangazo la dakika tatu linaweza kuwapoteza watu wawili walioingia na wengine waliotupwa nje, na kuanzia hapo mtazamaji hawezi tena kufuata hesabu. Royal Rumble ya mwaka huu ni Januari 31, Riyadh, mji ulio kwenye saa zetu hizihizi. Tunaomba pambano la watu 30 la wanaume na lile la wanawake yaende bila tangazo hata moja kuanzia mtu wa kwanza hadi mshindi. Wekeni matangazo yote kati ya pambano na pambano, ambako nafasi ipo ya kutosha.

Kuna pia hili la kuanika matokeo. Usiku wa kwanza wa SummerSlam, Punk alimshinda Gunther akawa bingwa. Kabla furaha haijapoa akatokea Seth Rollins kwa magongo. Wiki tatu kabla yake Rollins alikuwa ameonekana kuumia goti, na watu waliamini ameumia kweli. Akayatupa magongo, akakimbia ulingoni na mkoba wake, akamnyang'anya Punk mkanda. Lilikuwa tukio la mwaka, na thamani yake yote ilikuwa kwenye kushtukiza. Ninyi asubuhi hiyohiyo mkaanza kurusha tangazo la marudio ya jioni likimwonyesha Rollins ameinua mkanda. Wafanyakazi na wanafunzi, ambao hawawezi kukesha, ndio hasa wanaotegemea marudio. Tangazeni marudio kwa picha za wapiganaji wakiingia, na picha ya mshindi msiiweke hadi marudio ya kwanza yapite. Na msichanganye mfuatano: marudio ya pambano ambalo Rollins aliumia mliyarusha baada ya SummerSlam, kwa hiyo aliyefuata chaneli yenu pekee aliona magongo kwanza na jeraha baadaye.

Sasa saa. Afrika Mashariki haibadilishi saa, Marekani inabadilisha: mbele Jumapili ya pili ya Machi, nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. SmackDown, kipindi kingine cha kila wiki, inayoanza Ijumaa saa mbili usiku kwa saa za New York huwa saa tisa usiku kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi alfajiri wakati wa baridi. Novemba 2, 2025 saa zao zilirudi nyuma, ratiba yenu ikabaki palepale. Walioweka king'amuzi kirekodi wakapata saa nzima ya kipindi kingine mwanzoni, na SmackDown ikakatika kabla haijaisha. Mabadiliko yajayo ni Machi 8, 2026. Tafadhali mtu mmoja apewe jukumu la kurekebisha ratiba ya wiki hiyo. Aangalie pia urefu wa kipindi, maana Januari 2025 SmackDown ilirefushwa kutoka saa mbili hadi tatu na ninyi mkaendelea kuitengea saa mbili.

Kwenye ratiba ya king'amuzi, maonyesho ya usiku mbili yaandikwe "Usiku wa 1" na "Usiku wa 2". SummerSlam zote mbili ziliandikwa jina moja bila namba. Ving'amuzi vinavyorekodi kwa kufuata jina vikahesabu ya pili kuwa marudio, vikaiacha.

Linalotusikitisha kwa namna ya pekee ni maonyesho yaliyoanza saa nzuri kwetu. Clash in Paris ya Agosti 31 ilianza saa tatu usiku kwa saa zetu. Crown Jewel ya Perth, Oktoba 11, ilianza saa tisa alasiri, siku ya Jumamosi. Huko Perth, Cena na AJ Styles walipigana kwa heshima kubwa, kila mmoja akiazima mapigo ya wapiganaji wengine aliopita nao njia, na aliyeufuata mchezo huu kwa miaka alitambua pigo moja baada ya jingine. Hizo ndizo siku ambazo familia nzima ingekaa pamoja kutazama mubashara bila mtu kukesha. Yote mawili mliyarusha kesho yake. Mnarusha mubashara saa tisa usiku watu wakiwa wamelala, na saa tisa alasiri mnaweka marudio ya mpira.

La mwisho ni sauti. Utangazaji wa Kiswahili tunautaka na tunawapongeza kwa kuuanzisha. Lakini mtangazaji amepandishwa sauti kiasi kwamba kiganja cha refa kikipiga sakafu hakisikiki, wala kelele za ukumbi. Hesabu ya refa ndiyo moyo wa pambano, mtazamaji anahitaji kuisikia. Shusheni sauti ya mtangazaji, mumpe orodha ya mapambano na majina siku moja kabla, na wekeni njia mbili za sauti, ya Kiswahili na ya asili, ili mtu achague kwa rimoti.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya Januari 31, likitaja muda mtakaotenga kwa Royal Rumble na kwa kila usiku wa WrestleMania. Tunaomba pia usiku wa pili wa SummerSlam na onyesho la Desemba 13 virudiwe vikiwa kamili, hadi maandishi ya hakimiliki yatokee, katika saa ambayo mtu anayefanya kazi anaweza kutazama.

Wenu,
Wateja wa kifurushi cha michezo, mashabiki wa mieleka,
Dar es Salaam na Tanga.