Risala ya Vijana wa Soka wa Makongeni kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwenyekiti wa mtaa, wazazi wetu, makocha na wachezaji wenzetu, hamjambo.

Tumepewa dakika tatu, kwa hivyo shukrani tutazifupisha: karibu Makongeni, na asante kwa kukubali kuketi juani pamoja nasi.

Mheshimiwa, bila shaka umeupita ule uwanja wa soka wa Barabara ya Jogoo, hapa Nairobi. Makanga wa matatu huuita Siti tu. Lakini muulize babu yule aliyekaa karibu na nguzo ya goli, atakwambia African Stadium. Jirani yake atasema Donholm Road, jina la barabara yenyewe kabla haijawa ya Jogoo. Ukaitwa Jogoo Road Stadium, kisha City Stadium, na baada ya mwanasoka Joe Kadenge kufariki Julai 2019, ukapewa jina lake.

Uwanja wa Nyayo ulipofunguliwa 1983, na ule wa Kasarani 1987 kwa Michezo ya Afrika, mechi kubwa zilihamia huko. Kasarani ilijengwa kwa watu kama 60,000. Siti ni kama 15,000 tu. Hata hivyo wazee wetu hawasimulii Kasarani. Wanasimulia Kadenge wa timu ya Abaluhya, na redio iliyowekwa dirishani, mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akipaza sauti: "Kadenge na mpira, Kadenge na mpira!" Babu huyo hutuita sote Kadenge tukipoteza mpira. Mpaka leo hatujui kama anatusifu au anatucheka.

Sisi wenyewe tunaikumbuka Siti kwa zile chembe nyeusi za nyasi bandia. Ulirudi nyumbani, ukakung'uta viatu mlangoni, na bado mama akazikuta kitandani.

Mheshimiwa, mwaka jana tulifika langoni mwa Siti na jezi mabegani na risiti mkononi, tukaambiwa siku yetu amepewa mwingine. Watoto wa chini ya miaka kumi na tatu walicheza kando ya barabara, kocha akiwa amesimama upande wa magari.

Tunaomba utusemee tupate Jumamosi moja kwa mwezi, asubuhi, hata kwa muda wa saa moja tu. Tunaomba pia kibao pale langoni chenye majina yote ya zamani. Kukipaka rangi tutakipaka wenyewe.

Nahodha wa wasichana anakuletea jezi namba kumi. Ipokee, Mheshimiwa, refa anasubiri kipindi cha pili.

Ni sisi vijana wako.