Gari inagonga saa ngapi? Hilo ndo swali la kwanza

Mhariri,

Nipe kanafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe dukuduku langu, maana ukurasa wenu wa magari kila wiki ni gari mpya zinang'aa tu, sisi wenye gari za kazi zinazolia hatuna pa kusemea.

Nina pikapu ya fowili (injini inaweza kusukuma matairi yote manne), dizeli, nyuma springi za majani. Siku moja ikaanza mlio, sio mkubwa, ni ule wa misumari kwenye kopo halafu mtu anatikisa, chakachakachaka, unakuja unapotea, unatokea chini upande wa abiria. Nikapeleka kwa fundi. Fundi hakuuliza kitu, alivyosikia tu neno "inagonga" akashika tairi la mbele akalitingisha mara mbili akasema shokapu hizo. Haya, tukabadili zote nne. Natoka pale hata mita 200 sijafika, chakachaka. Narudi, ah basi itakuwa stabilaiza linki, kile kifimbo kinachounganisha nondo inayozuia gari kulalia upande, tukafunga mpya, bado. Ikaja zamu ya bushi za springi, vile vipande vya mpira kwenye maungio yake, na bushi kweli zilikuwa zimechoka sikatai, ila mlio ukabaki palepale unanicheka.

Aliyenifungua macho ni mwanangu ambaye hata leseni hana. Alikuwa amesimama nje gari inaunguruma akaniambia baba, mbona inalia na haitembei?

Jamani. Gari imesimama, shokapu itagongaje? Nikavuta breki ya mkono, nikaweka fri, nikawa nakanyaga mafuta polepole, ikifika raundi kama 1,800 inalia, ikipita 2,200 kimya. Kwa hiyo kinacholia kinatikiswa na injini, barabara haihusiki kabisa, na mimi nimeshabadili karibu kila kitu kinachohusika na barabara! Nikaacha egzosi ipoe kabisa, nikaingia chini nikawa napigapiga bomba kwa ngumi, kufika kwenye kile kibati cha kukinga joto, chaka! Bolti moja imeliwa na kutu, kibati kinacheza. Nikachukua klipu ndefu ya chuma, zile za kufungia mipira ya maji, nikazungushia bomba na kibati pamoja nikakaza. Dakika kumi hazikuisha.

Ndo maana nasema fundi kabla hajashika spana amuulize mwenye gari, na wewe mwenye gari ukiulizwa usijibu tu "inagonga huko chini", jibu vizuri. Inalia ikiwa imesimama au ikitembea? Inafuata raundi za injini au inafuata spidi? Ukiteremka mlima gia ya fri inaendelea? Kwenye mashimo tu au hata lami nyoofu? Ukigusa breki kidogo ikinyamaza angalia pedi, huenda zinacheza kwenye kalipa (kile kinachozibana) au vile vibati vya kuzishikilia vimedondoka. Ukitoa klachi au ukitoka rivasi kwenda mbele ikipiga "kong" moja nzito, zuia matairi kwa vigogo kisha shika propela, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kwenye matairi, uizungushe kwa mkono huku na huku, jointi iliyokufa utaisikia mkononi.

Fowili nayo ina mambo yake, ina propela mbili, ina transfa (sanduku la kugawa nguvu mbele na nyuma), ina difu ya mbele (gia za katikati ya matairi ya mbele), kwa hiyo pa kulia ni pengi. Ila hapohapo inakupa kipimo ambacho gari ya kawaida haina. Kama yako ni ya habu za kufunga kwa mkono (zile za katikati ya tairi la mbele), zikiwa wazi na uko tu-wili (nguvu inaenda nyuma tu) vile vyuma vya mbele na propela ya mbele vinakuwa vimepumzika, haviburutwi na matairi. Sasa zifunge habu, ubaki hukohuko tu-wili, uendeshe. Mlio ukianza hapo basi umeshapunguza gari nusu nzima, tafuta mbele. Ila zile fowili za kuingiza kwa liva usije ukaenda kuzijaribia kwenye lami kavu unakata kona, mbele na nyuma vinafungwa pamoja vinavutana, utatafuta mlio mmoja urudi na miwili. Tafuta vumbi au changarawe.

Halafu kabla ya yote hayo (aibu hii) toa vitu kwenye gari na ukague vinavyocheza. Jeki nyuma ya siti, spana za tairi, chupa chini ya kiti, mlango wa bodi wa nyuma, na tairi la spea linaloning'inia chini kwa mnyororo, likishushwa lisipopandishwa likabana vizuri linapiga chesisi (fremu ya chini) kila shimo na utaapa difu imekufa.

Ukiwasha asubuhi ikachakacha sekunde chache mbele ya injini ndo inyamaze, hiyo sio ya klipu, pima oili siku hiyohiyo na fundi asikilize cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini. Na mlio wa kwenye tairi unaoongezeka ukiongeza spidi, simama hapohapo ukague nati, usiseme utafika kwanza. Kuingia chini gari ikiwa imeshikwa na jeki peke yake sitaki hata kulijadili.

Nimalizie na hili. Baada ya kile kibati kukaa sawa gari ikawa kimya siku tatu, ya nne ikaanza kengele nyembamba nikifunga breki, ting. Safari hii sikwenda kwa mtu, nilijiuliza mwenyewe saa ngapi na wapi, nikachukua tochi nikaifuata. Spana namba 14, imelala juu ya chesisi, ya fundi yuleyule wa shokapu. Ninayo mpaka leo, hajaja kuidai.

Msomaji wenu, mwenye pikapu