Mwanangu, kifaa hicho usikinunue kwanza

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Huku Ujiji sote wazima, ila mvua imetuharibia barabara.

Nimeiona ile picha ya kifaa cha kuvaa kichwani uliyonitumia, eti kinaponya kiuno. Bei yake nayo nimeiona! Subiri kwanza, baba.

Sisemi ni utapeli. Maumivu ya kiuno yakishapita miezi mitatu, mara nyingi si jeraha tena linalouma. Neva na ubongo vimekuwa kama mlinzi anayepuliza filimbi hata paka akipita. Ndiyo maana wataalamu wakafikiria kuutuliza ubongo kwa nje, bila kupasua. Wapo wanaotumia sumaku, mashine iliyoonyeshwa Sheffield, Uingereza, mwaka 1985 na Anthony Barker na wenzake. Wengine hupitisha umeme hafifu, miliampea 1 au 2, kwenye sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi. Chako ni cha umeme.

Sasa umeme huo Wajerumani waliupima kwa watu 135 wenye maumivu sugu ya kiuno, majibu yakatoka mwaka 2015. Dakika 20 kwa siku, siku tano. Wengine walipewa umeme kweli, wengine walivishwa sponji zilezile, mashine ikazimwa kimyakimya. Maumivu yao hayakupishana. Sumaku imeonyesha nafuu kidogo kwa baadhi ya maumivu sugu, lakini ndogo na ya muda mfupi, tena mwenye kifafa au chuma kichwani huambiwa akae mbali nayo.

Enzi zangu za uuguzi nilikuwa nikiwapokea akina mama wa Kibirizi, wanaoinama kutwa wakigeuza dagaa, kiuno kimekazwa khanga mpaka pumzi inakatika. Nikiwafungua, kitu cha kwanza wanaogopa kuinama. Hofu hiyo ndiyo iliyowamaliza zaidi. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023, lilipendekeza mazoezi na kumwelimisha mgonjwa kwa maumivu sugu ya kiuno. Mikanda ya kiuno halikuipendekeza.

Kwa hiyo hela hiyo kamwone mtaalamu wa fiziotherapia, yule wa tiba ya mazoezi ya viungo. Kwenye lori usikae saa nyingi bila kushuka ukatembea. Lakini miguu ikifa ganzi, au mkojo ukikushinda, usiningoje mimi, kimbia hospitali usiku huohuo.

Dagaa nimewapeleka stendi, wanakuja na basi la kesho. Kawachukue kwa miguu, bodaboda uiache.

Mama yako